Hotispoti imegoma: kabla ya kuilaumu kampuni ya simu, tujue kizuizi kipo wapi (Moshi na Arusha)

Mwenye Steshenari (Moshi)

Wanajamvi, salaam.

Ninaendesha steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na chuo, na siku hizi kazi yangu kubwa si fotokopi bali kuwajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya ajira serikalini, namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara BRELA na mengine ya aina hiyo. Kwa muda mrefu kompyuta zangu zilipata intaneti kutoka kwenye simu, kwa hiyo suala la hotispoti, yaani kugawa intaneti ya simu kwa vifaa vingine, nimelazimika kulijua kwa undani kuliko nilivyotaka. Hapa dukani hawakosekani watu wanaolalamika kwamba kampuni yao ya simu imewafungia hotispoti, na ukiwahoji unakuta kuna fundi aliyekwisha kuwauzia programu ya kukwepa kizuizi ambacho hata hakikuwepo. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba kizuizi kinaweza kuwa ndani ya simu, katika mipangilio ya laini, katika masharti ya kifurushi, au kisiwepo kabisa, na anayetafuta njia mbadala kabla ya kujua kipo wapi anatupa fedha yake.

Nianze na simu yenyewe, kwa kuwa ndiko ninakokuta matatizo mengi. Simu janja nyingi zinazouzwa madukani Moshi na Arusha zimekwisha kutumika nje, hasa Marekani na Dubai. Kule Marekani kampuni za simu zimezoea kuuza hotispoti kama huduma ya peke yake, yenye malipo au kiwango chake, na simu iliyoandaliwa kwa ajili ya kampuni hizo hubeba programu ambayo, kila unapowasha hotispoti, huuliza kwanza kama mteja ameruhusiwa. Simu hiyo ikifika huku na kuwekewa laini ya hapa, swali lile halina wa kulijibu, nayo hukataa. Mwenye simu anaondoka akiilaani kampuni ya Tanzania ambayo haikufanya lolote. Hata Wamarekani wenyewe waligombana juu ya jambo hili: Julai 2012 Verizon ilikubali kulipa dola milioni 1.25 ili kumaliza uchunguzi wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kuhusu kuwazuia wateja wasipate programu za kugawa intaneti katika duka la Google, ilhali sehemu ya masafa ya 700 MHz iliyokuwa ikiyatumia ilitolewa kwa sharti kwamba wateja wasibanwe katika vifaa na programu watakazochagua.

Kwenye iPhone dalili huwa tofauti. Sehemu ya hotispoti haionekani kabisa katika mipangilio, au ipo lakini imefifia na haibonyezeki. Mara nyingi sababu ni ndogo: ukurasa wa mtandao wa data una nafasi zaidi ya moja ya kuandika APN (jina la njia ya intaneti ya kampuni yako ya simu), ya juu ikiwa ya intaneti ya kawaida na ya chini kabisa ikiwa ya hotispoti, watu hujaza ya juu, intaneti ikifunguka wanaridhika, na ile ya chini inabaki tupu. Jaza jina lile lile la APN katika nafasi ya chini, zima simu, iwashe tena, na kwa kawaida hotispoti hujitokeza. Simu iliyofungwa kwa kampuni ya nje na inayotumia kile kichipu chembamba kinachokaa chini ya laini ili ikubali laini ya kampuni nyingine itakusumbua zaidi, na muuzaji asiyekuambia habari ya kichipu hicho wakati wa kununua amekuuzia mbuzi kwenye gunia. Kwenye Android tatizo la namna hii hukaa katika aina ya APN. Fungua APN unayotumia, tafuta sehemu ya aina, na kama imeandikwa default,supl peke yake, ongeza alama ya mkato na neno dun, kwa sababu hilo ndilo linaloiambia simu kwamba njia ile inaruhusiwa pia kupitisha data ya kifaa kingine.

Kipimo cha kujua kosa ni la nani hakihitaji fundi. Toa laini yako, iweke katika simu ya mtu ambaye hotispoti yake inafanya kazi, na uwashe. Ikikubali, kampuni haina hatia na mgonjwa ni simu yako. Ikikataa, weka laini ya mwenzako katika simu yako, na hapo utakuwa umepata jibu kamili. Wakati mwingine hata simu haina kosa. Juzi alikuja kijana wa chuo na kompyuta mpakato ya zamani ambayo haikuiona hotispoti ya simu yake mpya, ilhali simu za wenzake wote ziliiona. Simu ilikuwa ikirusha Wi-Fi kwa bendi ya 5 GHz, na kadi ya Wi-Fi ya kompyuta ile inafahamu 2.4 GHz tu. Tulibadilisha bendi kwenye simu na maombi yake yakaendelea pale pale. Alikuwa amekwisha kushawishiwa kununua modemu.

Sasa tuje kwenye kizuizi cha kweli, kile kinachowekwa na mtandao. Wengi huuliza kampuni inajuaje kwamba data inatumiwa na kompyuta na si simu. Njia ya zamani na rahisi ni kuangalia namba inayobebwa na kila pakiti ya data, iitwayo TTL, ambayo hupungua kwa moja kila pakiti inapopita katika kifaa kinachoielekeza. Android na iPhone huanza na 64, Windows huanza na 128. Pakiti ya simu yenyewe hufika mnarani ikiwa na 64. Ya kompyuta iliyopita ndani ya simu hufika ikiwa na 127, au 63 kama ni kompyuta ya Mac. Kuunganisha kwa waya wa USB au kwa Bluetooth hakubadilishi hesabu hiyo, ingawa kuna watu wanaoapa kwamba waya hauonekani. Zaidi ya hapo mtandao unaweza kutazama majina ya seva zinazotembelewa, na simu inayoomba masasisho ya Windows imekwisha kujitangaza.

Sababu ya kampuni kubana ni ya kibiashara, lakini ina msingi wa kiufundi. Mnara mmoja hugawana masafa yale yale kwa watu wote waliomo katika eneo lake. Simu ikiwa kwenye data hujibana yenyewe, wakati kompyuta ikiona Wi-Fi hudhani imefika kwenye intaneti isiyo na mwisho, ikaanza kupakua masasisho na kupandisha picha zote za mwaka jana. Ndiyo maana ninashauri kwamba hata pale pasipo na kizuizi chochote, uiambie Windows kuwa mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Mpangilio huo upo katika ukurasa wa Wi-Fi uliyojiunga nayo. Malalamiko mengi ya kwamba bando limeliwa huishia hapo. Masharti ya vifurushi ya mwaka 2021 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa nchini, yanataka mteja apewe taarifa matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, lakini kompyuta inayopakua kwa kasi ya 10 Mbps inaweza kumaliza GB 4.5 kwa saa moja, na ujumbe wa pili utakukuta ukingali unausoma wa kwanza.

Kizuizi kingine hakizimi hotispoti bali huipunguza kasi. Kifurushi kinaitwa hakina kikomo, lakini ukipita kiwango fulani kasi inashuka. Kwa anayeperuzi ujumbe haileti shida. Kwa kazi yangu ni maafa. Kasi ikishuka hadi 128 kbps unapata kilobaiti 16 kwa sekunde, kwa hiyo viambatisho vya MB 5, yaani vyeti vilivyoskaniwa vya mwombaji mmoja, vitachukua zaidi ya dakika 5, na tovuti nyingi humtoa mtu kabla ya hapo kwa kudhani ameondoka. Kampuni niliyokuwa nikiitumia, ambayo sitaitaja, iliniuzia kifurushi cha namna hiyo wakati wa msimu wa maombi bila mhudumu kusema neno kuhusu kiwango hicho. Masharti yalikuwepo, katika ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Someni ukurasa huo kabla ya kulipa, na mtafute hasa maneno yanayohusu kugawa data kwa vifaa vingine.

Nilichofanya mwishowe ni kuacha kuigeuza simu kuwa ruta. Nilinunua ruta inayopokea laini, nikaiwekea laini yake iliyosajiliwa kwa jina langu na kifurushi kilichokusudiwa kwa ruta, ambacho huuzwa kwa kasi badala ya GB. Simu inapigiwa, inapata joto, mwenyewe anatoka nayo kwenda sokoni, na kompyuta zote zinabaki gizani. Ruta haiendi popote. Ningependa kusikia wenzangu wa Arusha mnafanyaje.

Fundi wa Kijenge (Arusha)

Mleta mada, umeeleza vizuri na sina la kupinga upande wa simu, ila niongeze jambo kwa wenye Samsung. Angalieni namba ya modeli. Ikiishia na herufi U peke yake, simu hiyo iliandaliwa kwa kampuni za Marekani. Ikiishia na U1, ni ile iliyouzwa ikiwa huru. Vifaa vya ndani ni vile vile, na fundi anayejua kazi anaweza kuiwekea ya kwanza programu endeshi ya ya pili, hotispoti ikafunguka bila kulipia programu yoyote ya ziada. Kazi hiyo hufuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo picha na namba zihifadhiwe kwanza.

Ninapotofautiana nawe ni katika hili la kampuni kuwa na msingi wa kiufundi. Mteja amenunua GB 10. Azitumie kwa simu, kompyuta au runinga, mnara umebeba GB zile zile 10, na kwa maoni yangu anayebadilisha TTL ya kompyuta yake kuwa 65, ili ifike mnarani ikiwa 64, anatumia alichokilipia. Wateja wangu hawaji kuomba mbinu za wizi, bali wanataka bando lao lifanye kazi.

Mwenye Steshenari (Moshi)

Fundi, kwa kifurushi cha GB zinazohesabika ninakubaliana nawe moja kwa moja, na kampuni inayobana hotispoti katika kifurushi cha aina hiyo haina hoja ya kumweleza mtu mzima. Kwa kifurushi kisicho na kikomo, kilichouzwa kwa bei nafuu kwa sharti la kutumika kwenye simu tu, mambo ni mengine, kwa sababu bei ilipangwa kwa kukadiria kwamba simu haiwezi kula kama kompyuta. Sababu yangu kubwa ya kutowashauri wateja wabadilishe TTL, hata hivyo, ni kwamba haidumu. Unairekebisha kwenye kompyuta moja, ya pili inakusaliti. Kampuni ikiamua kutazama seva zinazotembelewa, namba hiyo haina maana tena. Na laini ikifungwa katikati ya msimu wa maombi, mwanafunzi aliyekuwa akisubiri mbele yangu haniulizi kuhusu haki zangu.

Nitangulie pia kuhusu VPN, programu inayopitisha data yako kwa njia iliyofichwa, maana najua itaulizwa. VPN ikiwashwa kwenye simu ya Android, data ya kompyuta iliyojiunga na hotispoti kwa kawaida haipiti ndani yake, hivyo haifichi kitu. Ikiwashwa kwenye kompyuta huficha seva unazotembelea, lakini TTL inabaki vile vile. Zaidi ya hayo, Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwake, na kwa mtu mwenye duka lenye leseni ukutani hilo si jambo la kupuuza.

Mwanafunzi wa Kibosho

Shikamooni wakubwa. Kwetu shida si kizuizi bali mabonde. Nyumba ikiwa upande huu wa mto unapata 4G, ukivuka daraja unabaki na simu ya kupiga tu. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kwenye kituo cha Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na wapanda mlima wakaanza kurusha picha kutoka huko, wakati sisi tuliopo chini bado tunautafuta mtandao kwenye migomba. Ninachofanya ni kuiweka simu dirishani upande unaotazama mjini, kuiunganisha na kompyuta kwa waya mrefu wa USB, na kuzima Wi-Fi yake. Hivyo simu haipati joto sana, inachajiwa na kompyuta, na hakuna jirani anayejiunga kwa siri.

Swali langu: kuna mtu anauza dishi la Starlink, intaneti ya setilaiti, lililotoka Kenya, anasema linavushwa mpakani Holili na kufanya kazi bila tatizo. Mnashauri nini?

Mwenye Steshenari (Moshi)

Marahaba, kijana. Usinunue. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, mtoa huduma anatakiwa kuwa na leseni na kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, na dishi la kuvushwa halina ulinzi huo. Tena akaunti imesajiliwa kwa jina na nchi ya mtu mwingine. Siku akiacha kulipia au huduma ikizuiwa nje ya eneo lake, utabaki na sinia la gharama kubwa. Hiyo mbinu yako ya waya dirishani ni bora kuliko nyingi zilizotajwa hapa.

Mama Duka wa Tarakea

Ndugu zangu, mliotaja Holili mmenikumbusha sisi wa Rombo. Huku simu hudaka mitandao ya Kenya yenyewe, na ukiwa umewasha hotispoti kwa ajili ya kompyuta ya duka, unaweza kumaliza salio lote kwa data ya nje kabla hujagundua. Zimeni data ya kuzurura (roaming) kwenye mipangilio, na mchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Kwenye ruta pia mpangilio huo upo, na watu wengi huusahau.

Mhasibu wa Sakina (Arusha)

Ninafanya kazi za hesabu kwa wateja kadhaa nikiwa nyumbani, na nimepitia karibu njia zote zilizotajwa. Kwa anayeishi mjini, ushauri wangu ni kuuliza kwanza kama faiba imefika mtaani, iwe ya TTCL inayoletwa hadi mlangoni au ya kampuni nyingine, kabla ya kufikiria ruta ya laini. Pale isipofika, Arusha ina watoa huduma wanaofunga antena juu ya paa ikitazamana na mnara wao. Hiyo ni njia imara, lakini hutaka antena iuone mnara bila kitu katikati. Kwa jirani yangu ilifanya kazi vizuri hadi migrevilea ya kiwanja cha mbele ilipokua.

Yapo mambo mawili ambayo mleta mada hakuyagusa. La kwanza ni umeme. Ruta nyingi hutumia volti 12 tu, kwa hiyo kibetri kidogo cha akiba kinachotoa volti 12 huiendesha kwa saa kadhaa TANESCO ikikata, na hakuna haja ya kununua inveta ya nyumba nzima kwa ajili ya kitaa cha kijani. La pili ni kwamba kuwa na laini za kampuni mbili si kinga kamili. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwenye laini mbili aliona kurasa zilezile zikigoma kotekote. Tangu hapo mafaili ya wateja nayahifadhi pia kwenye kompyuta, na marejesho ya kodi siyaachi hadi siku ya mwisho.

Na wewe mwenye steshenari, angalia usivuke mpaka. Kuwajazia watu fomu ni jambo moja. Ukianza kuwatoza kwa kukaa wenyewe kwenye kompyuta zako, unakuwa intaneti kafe, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 ziliweka masharti yake, ikiwemo kamera na kumbukumbu za watumiaji, kwa hiyo ulizia kwanza TCRA yanayotumika sasa. Vilevile kuwauzia majirani Wi-Fi ni kutoa huduma, na huduma ina leseni yake.

Mwenye Steshenari (Moshi)

Dada, nashukuru. Wanaokaa kwenye kompyuta zangu ni mimi na msaidizi wangu tu, na mteja hukaa upande wa pili wa meza akisoma kwenye skrini aliyogeuziwa.

Mgeni wa Njiro (Arusha)

Nimesoma uzi wote na nimeshawishika kununua ruta ya laini, ila nyumba yangu ipo nyuma ya ghorofa na simu huonyesha vipau viwili. Je, ruta itapata kitu, au nianze kutafuta antena ya nje?

Mwenye Steshenari (Moshi)

Ndugu, usinunue chochote bado. Chukua simu yenye laini ya kampuni unayoikusudia, ipitishe chumba kwa chumba ukipima kasi, asubuhi na tena saa mbili usiku watu wote wanapokuwa nyumbani, kisha ufanye hivyo hivyo kwa laini ya kampuni nyingine, kwa sababu minara yao haiko mahali pamoja na huenda ghorofa hilo linaziba mmoja tu. Ukipata mahali penye kasi ya kukutosha, ndipo ruta itakapokaa, hata kama ni juu ya kabati la jikoni. Wi-Fi itafika sebuleni kirahisi kuliko 4G itakavyofika. Ama antena ya nje, hakikisha kwanza kwamba ruta unayoonyeshwa dukani ina matundu ya kuichomeka, kwa kuwa nyingi za bei nafuu hazina.